Mbega wa Mbizi na Kuni za Mama

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya mkutano wa wanataaluma mjini Melbourne, wenyeji wetu walitupakia kwenye basi wakatupeleka Phillip Island, kisiwa kilicho mwendo wa kilomita 140 hivi kutoka jijini. Tulivuka daraja, tukapita malisho ya ng'ombe, na jioni tukaketishwa kwenye ngazi za zege zinazotazama bahari, pamoja na mamia ya wageni wa kila taifa. Baridi ilikuwa sawa na ile ya Sumbawanga mwezi wa Juni, ya upepo unaopenya hata koti la kuazima. Tulikatazwa kupiga picha. Jua lilipozama, pengwini wadogo wakaanza kutoka majini. Kimo chao ni kama sentimita 33, uzito wao kilo moja au zaidi kidogo. Walikusanyika kwenye ukingo wa mawimbi kana kwamba wanashauriana, kisha wakavuka mchanga kwa pamoja, mbio mbio, kuelekea mashimo yao kwenye nyasi.

Mama mmoja aliyeketi kando yangu aliniuliza natoka wapi, na kwetu kuna wanyama gani. Nikamjibu bila kufikiri: simba, tembo, twiga, nyumbu wanaohama. Alifurahi. Kwenye basi, tukirudi gizani, ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimemsomea kipeperushi. Serengeti nimeiona mara moja tu maishani, nikiwa nimeshapita umri wa miaka 30, tena kwa gari la mradi wa watu wengine. Mnyama niliyekua naye, niliyemjua sauti kabla ya kumjua jina, ni mbega mwekundu wa msitu wa Mbizi. Sikumtaja. Haikunijia kwamba naye ni mnyama wa kuulizwa habari zake.

Nimeibeba aibu hiyo ndogo kwa muda mrefu. Naiandika leo kwa sababu mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa kutoka Laela, alisimama katika semina na kusema kwamba mkoa wa Rukwa hauna vivutio. Alilisema jambo hilo bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja idadi ya wilaya. Wenzake hawakumpinga. Mimi pia sikumpinga papo hapo, kwa kuwa nilijua amejifunza wapi kusema hivyo.

Kwanza nimalize habari ya kile kisiwa, maana ina mafunzo ambayo watumishi wa umma miongoni mwenu watayaelewa haraka. Pale pengwini wanapopita, kwenye rasi iitwayo Summerland, palikuwa na mtaa wa nyumba za mapumziko. Magari yaliwakanyaga pengwini barabarani usiku. Mbwa na mbweha waliwala. Kufikia miaka ya 1980, wataalamu walionya kwamba kundi lile lingetoweka kabla ya karne kwisha. Mwaka 1985 serikali ya jimbo la Victoria iliamua jambo lisilo la kawaida: kununua kila kiwanja na kila nyumba, kubomoa, na kuirudisha ardhi kwa ndege. Kazi hiyo ilichukua miaka 25. Nyumba ya mwisho ilinunuliwa mwaka 2010. Mwaka 2017 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina tena mbweha. Leo pengwini ni makumi ya maelfu.

Nisije nikaonekana nimelewa sifa za ugenini. Kisiwa hicho kina jina la kale, Millowl, na wenyewe ni watu wa Bunurong, ambao waliondolewa na walowezi wa Kiingereza muda mrefu kabla ya hapo, na wala hakuna aliyewapimia kiwanja. Waliolipwa ni wenye nyumba za mapumziko. Hata hivyo yapo mambo mawili yaliyonishangaza. La kwanza ni kwamba ilikubalika wazi kuwa kumlinda mnyama ni gharama, na gharama hiyo ina mlipaji anayejulikana. La pili ni subira. Robo karne, serikali zikibadilika, bajeti ikisomwa kila mwaka, bila operesheni hata moja ya alfajiri. Sisi ambao tangu mwaka 2022 tunajadiliana kuhusu familia zinazohamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, tunajua kwamba swali la nani analipa, na analipwa nini, ndilo linalochoma kuliko yote.

Sasa turudi kwetu.

Ufipa nayo ni kisiwa, ingawa haizungukwi na bahari. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, lililo kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mashariki kuna Ziwa Rukwa, kwenye mita 800 hivi, ziwa lisilo na mto utokao, linalopanuka na kunywea kwa kufuata mvua. Katikati yake sisi tumeinuliwa kwenye uwanda wa mita 1,800 na zaidi, wenye nyasi, upepo, mahindi, ulezi na ngano. Mtu akisafiri kutoka Tunduma anaona vilima vitupu mfululizo, miti ikiwa ni ile ya kupandwa kandokando ya nyumba. Wapo wanaosema uwanda ulivuliwa miti na moto wa wafugaji na wakulima. Wengine wanataja tanuri za chuma za wazee wetu, malungu, zile zilizojengwa kwa udongo wa kichuguu kwa kimo cha kuwapita watu wawili, zikimeza makaa kwa siku kadhaa ili kutoa chuma cha majembe. Magofu yake bado yamesimama katika baadhi ya mashamba, na watoto huyachezea. Nadhani kila sababu ina sehemu yake.

Lakini pale uwanda unapovunjika na kuporomoka kuelekea Bonde la Rukwa, kwenye safu ya Mbizi, kumebaki msitu. Ni mdogo. Ukitoka Sumbawanga mjini kupitia Ntendo kama unayeshuka Muze, unauona upande wa mlima kama kiraka cheusi kwenye nguo iliyochujuka. Humo wanaishi mbega wekundu. Ndugu zao wa karibu wako mbali kweli: Mahale na Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, na wengi zaidi katika msitu wa Kibale nchini Uganda. Kati ya hao na hawa wa kwetu kuna mashamba, miji na nyika ambayo mbega hawezi kuivuka, kwa kuwa ni mnyama wa juu ya miti. Watafiti waliochapisha sensa yao mwaka 2007 walihesabu mbega wa Ufipa katika misitu miwili tu, Mbizi na mwenzake mdogo zaidi, Mbuzi. Kundi likitoweka hapo, hakuna mbega mwingine atakayetembea kuja kujaza nafasi. Ndiyo maana nasema ni kisiwa.

Naomba nimweleze kidogo mnyama huyu, kwa ajili ya yule kijana wa Laela. Mbega mwekundu hana dole gumba la maana. Mahali pa dole kuna kinundu tu, na pamoja na hivyo anaruka kutoka tawi hadi tawi bila kukosea. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, kwa sababu chakula chake kikubwa ni majani, hasa yale machanga. Utosini ana rangi ya kutu. Huishi kwa makundi makubwa, na kundi likisafiri utadhani mvua imeanza kunyesha juu ya majani. Hastahimili kufungiwa, kwa hiyo usitarajie kumwona katika bustani ya wanyama ya mji wowote wa ulaya. Anayetaka kumwona sharti amfuate alipo. Kwa wenzetu wa Phillip Island sifa hiyo moja ingetosha kujenga maegesho ya mabasi.

Mimi nilimfahamu kwa njia ya kuni. Kijiji chetu kiko chini ya safu hiyo, na katika miaka ile baada ya vita vya Kagera, mafuta ya taa yalipokuwa ya kupanga foleni na sabuni ikiwa hadithi, kuni ndizo zilizokuwa nishati yote ya nyumba. Mama alikuwa akipanda mlimani mara mbili kwa wiki pamoja na wanawake wenzake. Kuanzia darasa la pili nami nilikwenda siku za Jumamosi, kazi yangu ikiwa kubeba kamba na kunyamaza. Tukifika ukingoni mwa msitu, mbega walitutangulia kwa kelele. Mama aliwaita walinzi wasio na mshahara. Alisema kama hukusikia sauti yao, ujue kuna mtu mwingine ndani, na ni afadhali kurudi.

Siku moja hakusikia, na hakurudi. Tulikuta wanaume wawili wenye makoti ya mvua wametungoja njiani. Sikujua wakati ule wametoka ofisi gani, wala sijataka kujua baadaye. Waliwaamuru wanawake watue mizigo. Hawakupiga mtu. Walichukua mashoka na mapanga yote, wakayafunga kwa kamba niliyokuwa nimeibeba mimi, wakaondoka nayo. Shoka la mama lilikuwa limefuliwa na babu yake kwa chuma cha hapo hapo Ufipa, chuma cha malungu, na mpini wake ulikuwa umeng'aa kwa mikono ya watu watatu waliokwisha kufa. Alilifuata mjini mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa alete faini, mara ya pili akaambiwa mashoka yamekwisha kugawanywa. Hakulia mbele yetu. Kwa muda wa wiki tatu tulipika kwa mabua ya mahindi, ambayo huwaka kwa haraka na kuacha ugali ukiwa mbichi katikati.

Leo ninajua, kwa elimu niliyosomeshwa kwa mahindi ya mama huyo huyo, kwamba wale wanaume walikuwa na hoja. Msitu ule ndio unaoshika mvua inayokuwa vijito, na vijito hivyo vinateremka kwa watu wa bondeni, wenye mpunga na samaki. Laiti kila kijiji kingeendelea kukata kama kilivyokuwa kikikata, mbega wangekuwa wamekwisha kabla sijamaliza shule ya msingi. Tatizo langu na siku ile ni hesabu yake. Gharama yote ya kumhifadhi mbega ilitolewa na wanawake sita, kwa mashoka sita. Serikali haikutoa kitu. Mji wa Sumbawanga haukutoa kitu. Dunia, ambayo inamwandika mbega huyu katika orodha ya viumbe walio hatarini, nayo haikutoa kitu.

Hapo ndipo neno kivutio linaponitatiza. Limetokana na kuvuta. Kuna kinachovuta, nacho ni mlima au mnyama. Kuna anayevutwa, naye ni mgeni. Mkaaji wa pale hana nafasi katika neno hilo. Yeye havuti wala havutwi. Katika mipango ya wilaya nimemwona akitajwa kwa jina la jamii inayozunguka hifadhi, kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kuuzunguka msitu.

Mazoea hayo ni ya zamani kuliko sisi. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa pale Arusha tamko la kuahidi kwamba Tanganyika itawatunza wanyamapori wake, na ndani yake aliomba wataalamu na fedha kutoka nje. Ahadi ilikuwa ya heshima na imetimizwa kwa kiasi kikubwa. Ila tangu hapo tumezoea kuyapima mapori kwa macho ya mtu wa nje: wangapi wamekuja, wameacha dola ngapi. Ukipima hivyo, Ufipa ni tupu kweli. Filamu ya Royal Tour iliyozinduliwa mwaka 2022 iliwapeleka watazamaji Zanzibar, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Silalamiki, filamu haiwezi kufika kote. Na mwaka 2012, mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa, Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyokuwapo tangu 1974 ilikwenda na mkoa mpya. Viboko hawakusogea hata hatua moja. Sisi tu, kwenye karatasi, tuliamka asubuhi bila wanyama. Nadhani ni hapo mwanafunzi wangu alipojifunza sentensi yake. Wakati huo alikuwa mtoto wa shule ya msingi.

Mwaka jana wakati wa kiangazi nilimchukua mama, mdogo wangu na watoto wake watatu, tukaenda kuyaona maporomoko ya Kalambo. Mama ana zaidi ya miaka 80 na hakuwahi kufika, ingawa amelisikia jina maisha yake yote. Tulipita Matai, tukaacha barabara ya Kasanga, tukaingia ya vumbi kuelekea Kapozwa. Mto Kalambo ndio mpaka wetu na Zambia, na hapo unajirusha kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200. Victoria, yale ya Zambezi ambayo dunia nzima inayajua, yana mita 108. Kwa upana na kwa wingi wa maji Kalambo hayafui dafu; ni uzi mweupe tu, hasa kiangazi. Lakini ni uzi unaoshuka hata jicho linachoka kuufuata.

Kwenye kuta za korongo lile wamejenga viota ndege wakubwa wenye mfuko shingoni, wale wale tunaowaona wakizoa taka karibu na machinjio ya miji. Kule mjini tunawadharau. Pale Kalambo walikuwa wakielea chini yetu, migongo yao ikionekana kutoka juu, jambo ambalo mtu halioni kila siku. Mjukuu mmoja aliuliza kama hawa nao wanakula takataka. Mama akamjibu kwamba kila mtu ana nguo za kazini na nguo za nyumbani.

Hatukumshusha kwenye ngazi za kwenda bondeni. Aliketi juu, kwenye kivuli, akatazama upande wa pili. Kulikuwa na watu Zambia, nasi tuliwaona wakipunga mikono. Nilimweleza kwamba mwaka 1953 mtaalamu wa mambo ya kale, Desmond Clark, aligundua katika bonde la mto huo, juu ya maporomoko na upande wa Zambia, mahali palipokaliwa na watu wa kale sana. Na kwamba mwaka 2023 timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yaliyohifadhiwa na udongo wenye maji, yenye umri wa miaka ipatayo 476,000. Ni kabla binadamu wa aina yetu hajatokea. Mama alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama hao nao walikuwa na mashoka. Nikasema walikuwa nayo, ya mawe. Akatikisa kichwa. Hakusema zaidi, na mimi sikuthubutu.

Siku ile tulikuta pia basi la shule ya sekondari. Walimu walikuwa wamechangisha fedha za mafuta kwa wazazi. Watoto wale walipiga kelele pale ukingoni kama walivyopiga wageni wa Phillip Island walipomwona pengwini wa kwanza, na hakuna aliyewaandika kuwa watalii. Kama ningekuwa mwenye sauti katika ofisi yoyote ya mkoa wetu, ningeanza na hao. Mtoto wa Rukwa aone Kalambo, aone Mbizi, aone mamba na ndege wa Ziwa Rukwa kabla ya kumaliza kidato cha nne, bila kudaiwa kiingilio. Gharama yake ni mafuta ya basi na chapati. Faida yake ni kwamba miaka kumi baadaye hatasimama katika semina na kusema kwao hakuna kitu, na akiwa ofisa mipango hatatia saini karatasi asiyoijua ardhi yake.

Ila basi la wanafunzi halitamwokoa mbega. Kwa mbega swali liko jikoni. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Ni lengo zuri na naliunga mkono. Nyumbani kwa mama kuna mtungi wa gesi niliomnunulia mimi. Upo kwenye kona, umefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na hutumika kuchemshia chai mgeni wa heshima anapokuja. Siku nyingine zote kuna mafiga matatu. Nilipomwuliza sababu, alinipa hesabu ambayo sikuweza kuivunja: kuni anazileta mjukuu bila fedha, gesi inataka fedha taslimu, na fedha taslimu huja mara moja kwa mwaka mahindi yanapouzwa, ikiwa bei haijaanguka. Sisi ni miongoni mwa mikoa inayolisha taifa, na mkulima wetu hana uhakika wa kujaza mtungi.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba Mbizi sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, na kwamba wageni wanakaribishwa, nafurahi na nauliza. Katika vijiji vinavyopakana na msitu, ni nyumba ngapi zinazoweza kujaza mtungi mwezi wa Februari, wakati ghala limepungua na mvua inanyesha? Mashamba ya miti ya kuni yamepandwa wapi, na nani ana haki ya kuvuna? Kiingilio cha mgeni kinarudi kijijini kwa sura gani? Afisa atakayeweza kunijibu maswali hayo kwa tarakimu ndiye mhifadhi, hata kama hajawahi kuvaa sare. Hao wa sare nawaheshimu, kazi yao ni ngumu na ya upweke. Lakini mlinzi mwenye bunduki anaweza kumzuia mwanamke mmoja leo. Hawezi kuzuia ugali wa kijiji kizima.

Nitaambiwa kwamba Victoria ni jimbo tajiri na Rukwa si tajiri. Ni kweli. Hatuwezi kununua vijiji, wala sitaki vijiji vinunuliwe. Watu wale ndio waliobaki na msitu wakati uwanda wote ulikwisha kuvuliwa miti. Ninachokitaka kwa wenzetu ni ule ukiri tu, kwamba anayetoa ardhi yake au shoka lake kwa ajili ya mnyama amelipa, na jina lake liandikwe kwenye hesabu.

Siku mbili baada ya Kalambo nilimwomba mama twende hadi ukingoni mwa Mbizi. Gari lilitufikisha karibu, tukatembea kidogo, yeye akishika mkono wa mdogo wangu. Tulikaa kama saa moja. Hatukuona kitu. Kisha majani yakaanza kutikisika upande wa juu, na sauti zile zikaja, kikohozi kikavu kinachopokezana. Niliwahesabu hadi 11, wakapotea. Mama alisema wamepungua sauti. Mdogo wangu alisema ni masikio ya mama yaliyopungua, wote tukacheka.

Nikamsimulia wale pengwini, jinsi wanavyovuka mchanga jioni huku watu wamekaa kimya wakiwatazama. Alipendezwa. Aliuliza kama ni kweli kwamba nyumba zilivunjwa kwa ajili yao. Nikasema ni kweli, na wenyewe walilipwa. Akafikiri.

"Na hao waliolipwa," aliuliza, "walikuwa wanapikia nini?"

Nikamwambia umeme, na gesi.

"Basi," akasema, na akaninyooshea mkono nimwinue, kwa kuwa baridi ilikuwa imeanza.